Majina Yaliyomo Katika Simu Yako

Tuchukue mfano wa mama anayeuza shanga mnadani Wasso, kule Loliondo. Ada ya mtoto inadaiwa, na dhamana ya kupeleka benki hana. Katika simu yake ipo programu inayomwahidi mkopo kwa dakika chache. Inamtaka abonyeze neno moja tu: "Ruhusu".

Kwa kubonyeza hivyo amefungua orodha yake yote ya majina: mama mkwe, mwalimu wa mtoto, mchungaji, wenzake wa kikundi. Akichelewa kulipa, hao wote huenda wakatumiwa ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu.

Mfano ni wetu, lakini aibu ya namna hii imewapata wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya, kwa sababu ya matumizi mabaya ya majina na namba za watu.

Je, kampuni kubwa zitatulinda?

Kuanzia 31 Mei 2023, Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kugusa orodha za majina na picha za watu. Ni hatua njema, ila ilikuja baada ya wengi kuumia. Tena haimlindi mama anayepakua programu nje ya duka hilo, kwa kufuata kiungo alichotumiwa.

Tufanye nini basi?

Kabla ya kukopa, tuulize kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Programu ikitaka majina ya watu, tuikatae. Aliyekwisha kudhalilishwa asinyamaze: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 1 Mei 2023, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Zaidi ya yote, akina mama, tukumbuke kwamba namba ya mama mkwe si mali yetu peke yetu. Alitupa sisi kwa kutuamini, hakumpa mkopeshaji. Tusiitoe kwa mtu asiyemjua.