Paa la Mirathi na Ahadi za Kesho

Katika mitaa ya Narung'ombe, Sikukuu na Mchikichi, nyumba za Kiswahili zimebaki mojamoja kati ya maghorofa: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Nyingi ni za mirathi. Ndani yake wanaishi mama zetu na bibi zetu, na ni nadra kuikuta isiyo na ukarabati ulioanza na haujaisha.

Sisi tunao wetu. Kazi ilikuwa ya majuma matatu: kung'oa bati zilizooza, kubadili kenchi za upande mmoja na kupiga lipu chumba cha bibi. Huu ni mwezi wa tano. Fundi alipokea nusu ya malipo, akang'oa bati kwa siku moja, tena kwa bidii ya kupendeza, kisha akapata kazi nyingine Mbagala. Tangu hapo simu yake hupokelewa na mkewe, naye hujibu kwa adabu: "Katoka, mama. In shaa Allah kesho atakuja." Bibi amehamia ukumbini na kitanda chake. Turubai lililo juu ya chumba hupigapiga usiku kucha.

Neno in shaa Allah ni la kumkabidhi Mwenyezi Mungu jambo ambalo mja amekwisha kulikusudia. Anayelitamka huku akijua kwamba hatakuja, amelifanya pazia la kujifichia.

Hata hivyo, si uadilifu kumtwisha fundi mzigo wote. Mbao zilichelewa kwa kuwa fedha zilichelewa, na fedha zilichelewa kwa kuwa watoto wa marehemu babu ni saba; mmoja yuko Tanga, mmoja Muscat, na wawili hawasemezani. Wakubwa wa ukoo waliona haya kugawa nyumba ilhali bibi yu hai, kana kwamba kugawa ni kumfukuza. Matokeo yake, kila mrithi ataka kwanza kujua fungu lake ndipo atoe cha kununulia bati. Mfanyabiashara mmoja amekwisha kuja barazani mara mbili, kwa upole mwingi, kuulizia bei ya kiwanja. Kila juma linalopita bila paa, maneno yake huwa matamu zaidi kwa walio mbali. Bibi, akiwa mjane mwenye watoto, fungu lake ni thumuni. Thumuni ya bei hiyo itamnunulia nyumba gani hapa Kariakoo, karibu na msikiti wake na shoga zake?

Wapo wanaosema bora kubomoa na kuporomosha ghorofa upesi. Upesi huo mji huu unaujua. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka papa hapa Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Na soko kuu lenyewe, lililobuniwa na Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na ukarabati wake ukavuka muda uliopangwa. Serikali nayo hungoja mafundi.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi juma lililopita tuliketi na fundi yuleyule, mbele ya mjumbe na jirani, tukaandika kwenye karatasi ya daftari. Kazi imekatwa vipande vitatu: kenchi, bati, lipu. Vifaa tunanunua wenyewe Gerezani na kuvileta kwa guta. Kila kipande kikiisha, ujira hutolewa siku ileile. Fundi alisoma mara mbili, akasema hivyo ndivyo alivyotaka tangu mwanzo, maana nusu ile ya kwanza ilikwishia kwenye deni la mbao za nyumba nyingine.

Kenchi zimesimama tangu Jumatano. Mrithi wa Muscat ametuma mchango wake wa bati. Wale wawili wasiosemezana wameitwa Ijumaa baada ya swala, na shehe wa msikiti amekubali kuja kuhesabu mafungu, bibi akiwa amekaa hapohapo akisikiliza.