Unga unaonunua unamuunga mkono nani?

SUMBAWANGA. Mwezi uliopita nilimpelekea mama mfuko wa kilo tano wa sembe iliyoongezwa virutubishi. Akautazama, akageuka kutazama magunia ya mahindi yaliyojaa stoo. “Mwanangu, Mfipa naye ananunua unga?”

Swali lake lina msingi. Rukwa ni kati ya mikoa inayoilisha nchi mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Ni karibu mtoto mmoja kati ya wawili, katika mkoa wenye chakula tele.

Moja ya sababu ni kutegemea ugali mweupe. Mahindi yakikobolewa, pumba huondoka na sehemu kubwa ya madini na vitamini. Wapo wasindikaji wanaovirudisha kwa kuchanganya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwa kipimo maalumu. Chuma husaidia kuzuia upungufu wa damu, na asidi ya foliki hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Kazi hiyo ina gharama, na mwenye kuifanya hushindana dukani na asiyeongeza chochote. Wateja tukiangalia weupe na bei tu, atakata tamaa. Taasisi ya Sanku, inayowafungia wasindikaji wadogo nchini kifaa cha kupima virutubishi, ililiona hilo mapema. Huwauzia pia mifuko mitupu ya unga, na faida ya mifuko hiyo hulipia virutubishi ili bei isimpandie mlaji.

Nasi tuna sehemu yetu. Kabla ya kulipa, soma mfuko: je, umeandikwa kuwa unga umeongezwa virutubishi? Una nembo ya TBS, jina la msindikaji na tarehe ya mwisho wa matumizi? Usipouona dukani, uuize. Mwenye duka huleta kile ambacho wateja wanakiulizia.

Unayesaga mahindi ya shamba lako, pendelea dona ya mahindi makavu yasiyo na ukungu, na muulize mwenye mashine kama anaweza kuongeza virutubishi. Ila unga pekee hautamaliza udumavu. Mtoto anahitaji pia maharage, mboga za majani, mayai, matunda na dagaa wa Ziwa Tanganyika, hasa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili.

Mama bado anasaga mahindi yake, ila siku hizi hayakobolewi. Ule mfuko nilioupeleka alimpa mke wa kaka yangu, ambaye ni mjamzito. Ulipoisha, alikwenda dukani mwenyewe kuulizia mwingine.