Gavana wako alipochaguliwa, ulikuwa wapi?

Keti kwenye kibanda chochote cha chai Kayole au Umoja, uulize nani anafaa kuwa gavana. Majibu kumi yatakuja kabla ya chapati. Sasa uliza ni wangapi hapo waliwahi kupiga kura ya mchujo. Kimya.

Rudi Aprili 2017. Tiketi ya Jubilee ilikuwa kati ya Mike Sonko na Peter Kenneth. Sonko alikuwa mtu wa Eastlando, aliyewahi kuwa mbunge wa Makadara, na magari yake ya maji na ya wagonjwa yalijulikana hadi vichochoroni. Kenneth alikuja na suti na sera. Sonko alipata kura 138,185, Kenneth 62,504. Agosti, Sonko akamng'oa Evans Kidero kwa kura zaidi ya 870,000. Fikiria: watu wasiofika laki moja na nusu ndio waliomfikisha huko. Desemba 2020 Seneti ikamtimua.

Angalau wakati huo uliulizwa. Mwaka wa 2022 je? Margaret Wanjiru aliitaka tiketi ya UDA, akaishia kuwania useneta, Johnson Sakaja akapewa. Kule Azimio, Tim Wanyonyi wa ODM alimpisha Polycarp Igathe wa Jubilee, yuleyule aliyejiuzulu unaibu wa Sonko Januari 2018. Debe la mchujo wa ugavana halikufika Dandora wala Donholm; mambo yaliisha mezani. Sakaja alishinda kwa 699,392 dhidi ya 573,516. Wewe ulipanga foleni kuchagua kati ya wawili waliokwisha kuchaguliwa.

Na si kiti cha mchezo, manze. Taka za Dandora, maji ya mfereji, leseni ya kibanda chako: yote yanapitia City Hall. Mwaka wa 2013 Kidero alimshinda Ferdinand Waititu kwa kura 74,651 tu. Mitaa michache ya huku ikijitokeza, pengo kama hilo linazibika.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, lakini mchujo huja miezi kadhaa kabla. Leo ingia eCitizen, tafuta huduma za Msajili wa Vyama, uone umeandikishwa chama gani. Mwaka wa 2021 wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Ukijipata hivyo, jiuzulu hapohapo kwenye simu, kisha uamue kama kuna chama unachotaka kweli.