Kambare Aliyesingiziwa

Kambare alihukumiwa kabla chai ya saa nne haijaiva. Samaki wanne wa dhahabu wa shangazi yangu walikuwa wakielea tumbo juu kwenye tangi la kioo lililo dukani kwake, hapa Matungu. Yeye peke yake alikuwa hai, chini kabisa, akipapasa kokoto nyeupe kwa sharubu zake kama mzee anayetafuta miwani gizani.

"Mumi ni mumi," akasema mteja aliyekuja kununua sukari, akimaanisha kambare. "Ukimweka na watoto wa watu atakula tu, mama."

Shangazi, ambaye sisi humwita senje, akanitazama. Mimi ndiye niliyemleta huyo kambare kutoka kidimbwi cha jirani, akiwa na urefu wa kidole cha shahada.

Nikawatoa marehemu mmoja mmoja kwa kichungi cha chai. Mapezi yalikuwa mazima, magamba yamekaa sawasawa. Sasa, samaki aliyeliwa na kambare haachi maiti, maana kambare hatafuni, humeza. Lakini nilipofunua kifuniko cha shavu nikakuta matamvua yamevimba, mekundu kuliko kawaida. Hapo haya zikaanza kunishika, kwa sababu Jumamosi iliyotangulia ni mimi niliyesafisha tangi lile.

Na nililisafisha kwelikweli. Mchanga wa zamani, uliokuwa umegeuka rangi ya kahawia na kushika utelezi, niliumwaga kwenye migomba. Sponji ya chujio niliisugua chini ya mfereji mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Kisha nikatandaza kokoto nyeupe, zile za marumaru zinazotumiwa kwenye sakafu za terazo na kupamba makaburi. Kila aliyeingia alisifu.

Samaki hatoi taka kwa haja kubwa peke yake. Sehemu kubwa ya amonia ya mwili wake hutoka kwenye damu kupitia matamvua, usiku na mchana, awe amekula au hajala. Katika Mto Nzoia, unaopita pembeni mwa Matungu ukielekea Ziwa Viktoria, amonia hiyo huchukuliwa na maji na mambo yakaisha. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Inabaki hapo hapo, na yeye anaivuta tena. Kinachomwokoa ni ule utelezi nilioipa migomba.

Waliofumbua jambo hili hawakuwa wakifikiria samaki hata kidogo. Mwaka 1877, Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walikuwa wakihangaika na maji taka. Walijaza mchanga na mawe ya chokaa ndani ya bomba refu, wakayapitisha maji hayo polepole kutoka juu. Kwa muda wa siku 20 hakuna kilichobadilika: amonia iliingia juu, amonia ikatokea chini. Baada ya hapo nitrati ikaanza kuonekana, na amonia ikatoweka. Lau ingekuwa ni mchanga wenyewe unaofanya kazi hiyo, ungeianza siku ya kwanza. Basi wakapitisha mvuke wa klorofomu katika lile bomba, na kazi ikasimama. Wakatia maji yaliyosuuzia udongo wa kawaida, na baada ya siku kadhaa kazi ikaendelea. Kitu kinacholazwa na klorofomu na kuanzishwa tena kwa udongo lazima kiwe hai.

Mimi napenda jaribio hili kuliko mengi yenye mitambo ya mamilioni. Hata mwanafunzi wa kidato cha pili akilisimuliwa ataona mwenyewe jibu liko wapi.

Viumbe wenyewe waligunduliwa baadaye, karibu mwaka 1890, na Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya utafiti Zurich. Ni bakteria wasiohitaji kula mabaki ya mmea wala mnyama: nguvu wanaipata kwa kuiunguza amonia, na miili yao wanaijenga kwa kaboni iliyomo majini. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huipokea nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki anaivumilia vizuri zaidi. Vitabu vilifundisha mgawanyo huo wa kazi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2015 ndipo timu mbili za watafiti zilipotangaza kwamba wako bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaomaliza hatua zote mbili peke yao. Timu moja iliwapata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki, ya pili ndani ya bomba la maji moto kutoka kisima kirefu kilichochimbwa kutafuta mafuta.

Bakteria hawa wanaongezeka polepole mno, na hukaa wameshikamana na kitu: mchanga, sponji, ukuta wa kioo. Majini penyewe ni wachache. Ndiyo maana kubadilisha maji kidogo hakuna neno, ila kubadilisha mchanga na kuosha chujio siku moja ni kufukuza kijiji kizima. Anayetaka mchanga mpya auondoe wa zamani kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na aiache sponji bila kuisumbua. Ikibidi kuikamua, aikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Maji ya mfereji yametiwa klorini kwa makusudi ya kuua bakteria, na klorini haibagui.

Kosa langu la pili lilikuwa zile kokoto. Marumaru ni jamii ya chokaa. Ukiidondoshea siki inatoa mapovu, na ikikaa majini huipandisha pH. Amonia ina sura mbili, moja ya upole na moja ya sumu kali. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ile yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Kwa hiyo niliwafukuza mafundi wa usafi, kisha nikaunoa uchafu uliobaki.

Kambare je? Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana humwona akipanda juu na kugugumia. Tena uvumilivu wake kwa amonia unajulikana kwa wafugaji wote.

Nisimsafishe kupita kiasi, lakini. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanza kuchimba vidimbwi katika mpango wa kufufua uchumi, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, wengi waliopewa vifaranga vya ngege, yaani tilapia, waligundua kwamba ngege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, kabla hajafika ukubwa wa sahani. Kidimbwi kinajaa vidagaa. Kambare ndiye mpango wa uzazi wa hapo: anawala watoto. Sharti moja ni kwamba siku ya kuingizwa awe mdogo kuliko ngege wenyewe, vinginevyo atawala wazazi. Kipimo cha samaki gani akae na nani ni upana wa mdomo, na mdomo wa kambare hauachi kukua. Kambare mwenyewe anaweza kupita mita moja. Wale wa dhahabu angewala, ila si wiki ile.

Nilimweleza senje yote haya. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hivyo ni wewe?"

Kokoto tulizitoa. Nikaleta mchanga wa mto, nikauosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka meupe, nikaujaribu kwa siki. Haukutoa povu. Kambare akarudishwa peke yake, kwa sababu amonia yake ndiyo chakula cha bakteria wapya, naye anaimudu. Anapewa chakula cha kubana kwa vidole viwili, na maji hubadilishwa robo kila baada ya siku mbili. Senje anahesabu kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Leo ni siku ya 17, na kioo kimeanza kuteleza ukikigusa kwa ndani. Wa dhahabu wakija, kambare atarudi kidimbwini kwa jirani.

Zile kokoto nyeupe ziko mlangoni, pale mvua inapodondokea kutoka kwenye mabati.