Jaji Asiye na Hiari

Mwaka 2011, Mahakama Kuu iliyoketi Moshi iliwahukumu watu watano kunyongwa kwa kosa la mauaji. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakikumwachia jaji adhabu nyingine. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao mwaka 2013.

Kadhi ataulizwa mbele ya Mola wake kwa kila alichokiamua. Basi huyu, asiyepewa nafasi ya kupima, ataulizwa nini? Hata kisasi katika sheria yetu, ambacho wengi hukidhania ukatili mtupu, humpa walii wa aliyeuawa mlango wa msamaha na diya.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, ilitamka kwamba ulazima huo wavunja haki ya uhai, ikaamuru adhabu yao isikilizwe upya. Mwezi uo huo Serikali ilikuwa imekwisha kuliondoa tamko lililowaruhusu raia kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja.