Kabla Hujalipia Kupunguza Uzito, Piga Hesabu

Ukiingia Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukishapita Magomeni unavuka bonde la mto Msimbazi. Hapo ndipo Jangwani. Mbele kidogo ni Kariakoo, ambako wengi wetu hununua bidhaa za kuleta vijijini. Siku hizi, pamoja na khanga na sufuria, iko biashara nyingine huko: biashara ya kupunguza unene. Yapo majani ya chai, upo unga wa kukoroga na kunywa badala ya chakula, vipo vidonge, na yapo mazoezi ya kulipia kwa mwezi. Nyingine hukufuata kijijini kwa simu.

Je, mpango wa namna hii unakufaa? Huenda unakufaa, huenda haukufai. La maana ni kujua kabla hujatoa hela.

Kwanza, pima

Wako watu wanaolipia kupunguza uzito ambao haujazidi. Wengine umezidi, wala hawajui. Nenda zahanati upimwe uzito na urefu. Kisha zidisha urefu wako kwa urefu huohuo, halafu gawanya uzito wako kwa jibu hilo.

Tuseme mama mmoja ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80.

1.60 × 1.60 = 2.56
80 ÷ 2.56 = 31 na kitu kidogo

Kwa mtu mzima, kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 ni uzito mzuri. Ukifika 25 umezidi. Ukifika 30 ni unene wa hatari, maana huongeza uwezekano wa kupata shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Hesabu hii si ya mjamzito wala ya mtoto.

Basi mama huyu anayo sababu ya kupunguza. Lakini si lazima awe mwembamba kama fimbo. Akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, shinikizo la damu na sukari huweza kushuka. Wataalamu hushauri kupunguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa hiyo kilo 4 zataka wiki 4 hadi 8.

Kilo zinazorudi

Sasa anakuja mtu anaahidi kilo 10 kwa wiki moja. Zitatoka wapi? Chai nyingi za kupunguza unene zina sanamaki, nayo sanamaki ni dawa ya kuharisha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukiharisha sana, mizani itashuka kweli. Kumbe kilichotoka ni maji, si mafuta! Ukinywa maji, kilo zinarudi. Hela yako hairudi. Tena ukiendelea kuharisha hivyo, mwili hupoteza chumvi zake, na moyo huweza kudhurika.

Vidonge navyo vina mambo yake. Mwaka 2010, dawa ya kupunguza unene iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa kudhuru moyo na mishipa ya damu. Hata baada ya hapo, wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta imetiwa kwa siri katika dawa zinazoitwa "za asili".

Maswali ya kumwuliza mwuzaji

Mwuzaji atakuita "shangazi" au "mama yangu". Atakuonyesha picha mbili, ya mtu mnene na ya mtu mwembamba. Picha si mizani. Mwulize hivi:

1. Ndani yake mna nini? Asiyeweza kutaja, usinunue. Dawa lazima iwe imesajiliwa na TMDA. Chakula cha kufungashwa kiko chini ya TBS.

2. Gharama yote ni kiasi gani? Usitazame bei ya pakiti moja. Zidisha kwa miezi yote. Kisha fikiri hela hiyo ingenunua mbolea kiasi gani.

3. Nitakula nini? Kama chakula hicho hakipatikani kwenu, utakishika kwa muda gani?

4. Mbona hujaniuliza habari za maradhi yangu? Mwenye kisukari anayetumia dawa akipunguza chakula ghafla, sukari huweza kushuka mno akazimia. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu mipango hii. Na yeyote akikwambia uache dawa za presha au za kisukari, ondoka hapo hapo.

5. Nikiacha kulipa, nitabaki na nini? Hili ndilo swali kubwa. Mpango mzuri hukufundisha kula na kuishi. Mpango mbaya hukufundisha kununua tu.

Si wote ni walaghai

Mwaka 1961, katika mji wa New York, Marekani, mama mmoja aitwaye Jean Nidetch alianza kukusanya rafiki zake nyumbani kwake. Walizungumza juu ya unene wao na kutiana moyo. Mwaka 1963 ikawa kampuni, Weight Watchers, ikaenea nchi nyingi. Watu walilipia hasa kukutana.

Sisi jambo hilo si geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Hakuna aliyelipa kiingilio.

Anza na yaliyo bure

Punguza soda na sukari ya chai. Punguza mafuta ya kukaangia. Kata ugali kidogo, ongeza mboga na maharage. Tembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Shikaneni wawili watatu, mpimwe kila mwezi. Fanyeni miezi mitatu. Uzito usiposhuka, mwone mganga wa zahanati.

Lakini kama unakonda bila kujaribu, usifurahi. Huenda ni kifua kikuu au kisukari. Nenda ukapimwe mapema.

Ndugu msomaji, kusoma na kuhesabu ulikwisha jifunza. Kabla ya kununua pakiti, isome. Kabla ya kulipa, hesabu.