Shokabsoba za Hiace ya Zamani: Angalia Gari Kabla ya Kutuma Pesa
Ukiwa Bura, spea nyingi utaagiza Garissa mjini au Kirinyaga Road, Nairobi, na utalipa kwa simu kabla hujaiona. Kwa hivyo kabla ya kutuma chochote, inama chini ya gari kwanza.

Shokabsoba ikivuja mafuta, hiyo imekwisha. Lakini kama Hiace yako imelala nyuma hata ikiwa tupu, shida ni springi. Shokabsoba haibebi mzigo, inatuliza mruko tu, na tungesikitika ukitumia pesa bure.

Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo, mafuta ya ndani hupata moto na kufanya povu, gari likaanza kurukaruka. Za gesi hupunguza povu hilo, ingawa abiria wataona ni ngumu kidogo. Badilisha zote mbili za ekseli moja.

Mtumie muuzaji namba ya chesisi na picha ya ile ya zamani. Mkielewana, lipa kwa till ya duka, si laini ya mtu binafsi, na usome jina kabla ya kuthibitisha malipo. Meseji ya malipo usiifute. Basi likileta isiyoingia, utaihitaji.